Risasi Ndani ya Bafta

Abiria wote walikuwa wameshashuka kwenye gati la Shela, mizigo imeshateremshwa, hata mbuzi aliyekuwa akileta fujo njia nzima alikuwa amefika nchi kavu, lakini mwanamke mmoja alibaki ameketi ndani ya boti. Alikuwa amejifunika buibui, kikapu mapajani, na uso kaugeuzia upande wa bahari kwa makusudi, asije akaiona Shela kwa bahati mbaya. Mkwewe, Hamdu, kijana fundi wa milango, alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa gati. Kanzu yake safi ilikuwa inafagia magamba ya samaki, naye hakuwa na habari.

"Mama, shuka. Nakuomba kwa Mungu."

"Sishuki," alisema Bi Mwanamkisi. "Tukua kikapu. Mna samli na pilipili manga na unga wa uji. Mwambie ale."

"Mwambie wewe mwenyewe, Mama. Nyumba ile pale, dari yake yaonekana."

"Nayuwa iliko."

Quinter, aliyekuja kumsaidia Hamdu mizigo, alisimama kando akidhani ni utani wa kifamilia ambao mgeni hauelewi. Haukuwa utani. Nahodha alisubiri, akakohoa, akatazama saa, na mwishowe akafungua kamba. Boti ikarudi nyuma taratibu, ikageuka, ikaenda na Bi Mwanamkisi hadi Amu, yaani Lamu mjini, ambako angelala kwa jamaa na kesho yake kupanda boti ya Mtangawanda kurudi kwao Pate. Alikuwa amesafiri mwendo wote ule, kwa umri wake na magoti yake, kuja kumwona binti yake aliyejifungua, na hakushuka. Gati lenyewe hakuligusa.

Quinter aliwaka. Yeye ni mtu wa Mbita, kando ya Ziwa, fundi wa maji aliyeletwa Lamu kutafuta mabomba ya zamani yaliyofukiwa na vilima vya mchanga, na alikuwa amepanga chumba cha juu nyumbani kwa Hamdu. Kwa kawaida hakuwa mwepesi wa kuingilia mambo ya watu. Lakini chumba chake kilikuwa juu ya kile cha Sumeiya, mke wa Hamdu, na kila alfajiri alimsikia akilia.

"Ni mama wa aina gani huyu?" alimuuliza Hamdu walipokuwa wakipanda kichochoro na kikapu.

"Ni mama mzuri sana," alisema Hamdu, na alikuwa anamaanisha. "Ndiyo taabu yenyewe."

Kwa mila za kwao, mimba ya kwanza humrudisha binti kwa mama yake. Huko ndiko anakozalia, ndiko anakokandwa na kulishwa na kudekezwa, na arubaini ikiisha hutoka amenawiri. Sumeiya naye alikuwa ameshafunga mabegi ya kwenda Pate pale daktari alipomwambia kwamba kwa presha ile asithubutu kupanda boti ya mbali. Akazalishwa kwa upasuaji mjini, akarudishwa Shela na kitoto cha kike, Asmaa, chenye nywele tele na sauti ya kuitia watu mnadani. Mama yake Hamdu alikuwa amefariki zamani. Jirani mmoja alikuja kila asubuhi kumkanda mzazi, akimaliza anaondoka na shughuli zake. Muda wote uliobaki Sumeiya alilala akiutazama ukuta.

Hakuwa na ugonjwa wa kuonekana. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Ila hakula, na maziwa yakawa machache, na mtoto akilia alimwangalia kwa mbali kana kwamba ni wa jirani aliyemwacha kidogo akaenda dukani. Quinter alijaribu. Alimpikia uji ukatoka na mabonge. Sumeiya akanywa vijiko viwili kwa adabu, akasema ni mzuri, akaugeukia ukuta. Alimpakata Asmaa akamwimbia nyimbo za Kijaluo mpaka akalala. Mtoto alimweza. Mama mtu hakumweza. Siku moja Sumeiya alimwambia bila kugeuka, "Dada Quinter, mimi namtaka mamangu," kwa sauti ndogo, ya mtu anayeuliza kitu dukani huku akijua hakipo. Quinter alipanda chumbani kwake, akakaa kitandani, akalia na yeye, kwa kuwa na yeye alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa mbali.

Ndipo akamshika Hamdu barazani na kumwambia leo hatoki mtu hapa mpaka aambiwe ukweli.

"Ni vita," alisema Hamdu.

"Vita gani?"

"Vya hapa Shela. Watu wa Pate na wa Mombasa walivuka kuja kuipiga Amu."

"Lini?"

Hamdu alikuna kichwa. "Kitambo. Miaka mia mbili na kitu."

Quinter alimtazama aone kama anacheka, lakini Hamdu hakucheka. Watu wa visiwa hivi husimulia vita vile utadhani moshi wake haujatawanyika: jinsi wavamizi walivyoteremka Shela, wakapigwa, wakakimbilia majahazi yao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa pale pale ufuoni. Wengi hawakuzikwa, na inasemwa upepo ulikuwa ukiifunua mifupa yao kwenye vilima kwa miaka mingi baadaye. Mmoja wao aliitwa Abdulqadir, babu wa mababu zake Bi Mwanamkisi. Mjane wake aliapa kwamba hakuna wa uzao wake atakayekanyaga mchanga wa Shela, na kizazi baada ya kizazi hawakuukanyaga. Amu mjini waliendelea kwenda kama kawaida, maana ndiko kwenye soko na hospitali, na kiapo hakikutaja soko.

"Na Sumeiya je?"

"Sumeiya alinipenda," alisema Hamdu, akaona haya, akatazama vidole vyake vya miguu. "Akakanyaga. Mamake hakumlaani, Bi Quinter. Alimpa bangili zake, akamsindikiza hadi Mtangawanda, akamwombea dua. Ila alimwambia, mimi usiningoje kule."

Juu ya vichwa vyao Asmaa alianza kulia na hakuna aliyemnyamazisha.

"Ile mashine yako," Hamdu alisema.

Mashine yenyewe ni ile ya kutambua chuma ardhini, fimbo yenye duara chini na visikio vya kuvaa. Quinter alipewa kwa ajili ya mabomba, lakini kule vilimani ilikuwa inalia hata pasipokuwa na bomba. Mara ya kwanza alipochimba alipata risasi, si hizi za siku hizi zenye ncha, bali gololi ya risasi ya bunduki za zamani, nzito na nyeupe kwa uzee. Aliipeleka kwa watu wa makumbusho, nao wakampa ruhusa ya kutafuta siku za Jumamosi katika eneo walilomwekea vigingi, kwa sharti kila kitu awakabidhi. Alilipenda jambo lile kuliko alivyotaka kukiri. Pale mchangani, masikio yamezibwa, hakuna simu ya ofisini wala bomba lililopasuka.

"Nikimpata babu," Hamdu alisema, "hata kama ni kitu chake kimoja tu. Azikwe, asomewe. Kiapo kitakuwa na kazi gani tena?"

"Hamdu, vitu vile havina majina. Hatutajua ni cha nani."

"Nayuwa."

"Tunaweza kutafuta mwaka mzima."

"Nayuwa, Bi Quinter," alisema yule kijana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Lakini nikikaa hapa nyumbani namsikia."

Basi wakatafuta. Jumamosi ya kwanza waliondoka asubuhi kabla jua halijawa kali, Quinter na mashine yake, Hamdu na kijiko cha kupandia miche. Kazi ile haitaki haraka. Unaipeleka fimbo chini chini, kushoto na kulia, hatua ndogo, na unasikiliza. Chuma hukoroma. Shaba huimba. Risasi hulia kwa sauti ya katikati, fupi na safi, na ukishaizoea hutaisahau. Tabu ni kwamba vizibo vya soda vimejifunza kuiga. Kila mashine ilipolia Hamdu alipiga magoti, akasema bismillahi, akachimba kwa mikono miwili huku mchanga ukimrudia, na kila mara akatoka na kizibo, au mkebe wa samaki, au chuma cha hema la mtalii. Alisema bismillahi kwa kila kizibo. Quinter, aliyekuwa amekuja na nusu ya moyo, alijikuta kufikia adhuhuri anampenda kijana yule kama mdogo wake wa tumbo moja.

Ilipatikana Jumamosi nyingine, wakati Hamdu ameshachoka hata bismillahi zake zimekuwa za kunong'ona. Sauti ilikuja fupi na safi. Walichimba mpaka mkono wa Hamdu ukazama hadi begani, na alipoutoa alikuwa ameshika gololi ya risasi, upande mmoja imebonyea kidogo. Aliiweka kiganjani, akapuliza mchanga.

"Ni ya vita vile?"

"Ni ya vita vile."

"Basi inatosha."

"Lakini tusimdanganye, Hamdu. Tusiseme ni ya babu."

"Tutasema ilivyo."

Quinter alimpigia simu mtu wa makumbusho, akamwomba amwachie hadi Jumatatu, akamweleza na sababu. Mtu wa makumbusho alifikiri. Na yeye alikuwa na mama mkwe. Akasema sawa.

Jioni ile Hamdu alinunua kipande cha bafta nyeupe, ile nguo ya sanda. Aliiosha risasi kwa maji, akaiosha tena kwa marashi ya waridi, akaikunja ndani ya bafta kwa utaratibu aliofundishwa, akaifunga huku na huku kwa uzi. Ilikuwa maiti ndogo kuliko zote zilizopata kukafiniwa Shela. Quinter alimwangalia mpaka akamaliza. Aliona ni jambo zuri. Hakuona kosa lolote, wala Hamdu hakuona, kwa hiyo lawama yote igawanywe kwa wawili.

Jumapili walipanda boti hadi Mtangawanda, wakapanda bodaboda hadi mji wa Pate, matuta ya tumbaku huku na huku na magofu katikati yake. Bi Mwanamkisi aliwapokea vizuri mno. Aliwapa maji ya kunawa, chai ya tangawizi na mikate ya mofa ya moto, na hakuuliza walichofuata mpaka walipokula. Halafu aliuliza jambo moja.

"Yuwala?"

"Anakula kidogo, Mama."

"Yuwalia?"

Hamdu alitazama kikombe chake.

"Yuwalia," Bi Mwanamkisi alijijibu, na akapanguza mkeka uliokuwa safi.

Hamdu akaona huo ndio wakati. Alitoa kile kifurushi mfukoni, akakishika kwa mikono miwili, akakitanguliza mbele. "Mama, tumekuletea kitu. Kimetoka Shela, kimetoka mchangani, kwenye vita. Hatusemi ni cha babu, hilo alijuaye ni Mungu. Tumekiosha, tukakitia sanda, ili ukizike hapa kwenu, umsomee babu, roho yako itue."

Chumba kilinukia waridi. Bi Mwanamkisi alifungua uzi wa kwanza, akafungua wa pili, akaikunjua bafta pole pole. Alisogea hadi dirishani penye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hini ni risasi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Risasi ya nani?"

Hamdu alifungua mdomo, na ukabaki wazi. Quinter aliona wazo likimfikia, na lilipomfikia yeye pia, alitamani kuwa Mbita.

"Babu alikuya na upanga wake," alisema Bi Mwanamkisi, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Risasi walimpija watu wa kwenu. Naweye umeitukua iliyomuua babangu, ukaiosha kwa marashi, ukaivisha sanda, ukaniletea nyumbani kwangu nimzike."

Kama sakafu ingefunguka, Hamdu angeshukuru na kuingia. Machozi yalimjaa akayaacha yatiririke bila kuyapanguza, kijana mzima mwenye ndevu. Mabega ya Bi Mwanamkisi nayo yakaanza kutikisika, na Quinter akajua wamemvunja moyo mama wa watu. Kisha akasikia sauti na hakuamini. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, risasi ngumini, akisema "kwa marashi, mwana wa watu, kwa marashi," na katikati yake kicheko kikageuka kilio, na hapo hakuna aliyeweza kutenganisha kipi ni kipi.

Alipotulia aliinyoosha ile bafta mapajani. "Yule hakupata hata kitambaa hiki," alisema.

"Mama, naweza kusema kitu?" Quinter aliuliza.

"Sema, mwanangu."

"Kwetu kuna ndugu yangu, alikuwa anaitwa Nicodemus. Boti ilipinduka ziwani. Wengine walipatikana, yeye hakupatikana. Kwetu mtu akipotea hivyo tunachukua tunda la mwegea, ni tunda refu, zito, linakaa kama mtoto. Tunalivisha, tunalitia kaburini, tunalilia. Wa kanisani hawapendi sana, lakini tulizika."

"Astaghfirullah," alisema Bi Mwanamkisi, polepole, bila ukali. Alifikiri. "Na wayuwa kuwa ni tunda tu."

"Najua, Mama. Na mama yangu anajua."

"Na mwenda kumzuru?"

"Kila nikienda nyumbani. Napalilia, nakaa hapo, namwambia habari za mwaka. Nimemwambia hata habari za Asmaa kwa simu, mama yangu aliiweka pale kwa kaburi." Quinter alitabasamu, akafuta pua. "Sasa mimi najiuliza. Babu yenu, mahali alipo panajulikana. Ni nani huenda kumwona?"

Hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Lakini Bi Mwanamkisi alikuwa mtu wa makaburi. Kila Alhamisi jioni alikwenda na ubani wake na Yasini yake, akamsomea mumewe, akamsomea mama yake na shangazi zake, akang'oa magugu hata kwenye makaburi ya watu aliokosana nao walipokuwa hai. Pate nzima hakukuwa na maiti aliyeweza kulalamika kwamba Bi Mwanamkisi amempuuza. Aliigeuza ile risasi mkononi mpaka chai ikapoa.

"Hapana mtu," alisema mwishowe. "Miaka yote hini twasema twamheshimu. Hapana mtu hata mmoya aliyekwenda kumsomea."

Alimrudishia Hamdu risasi. Bafta aliibakisha. Akawajazia kikapu kingine, samli na pilipili manga na unga, akawaambia waharakishe boti itawaacha. Hakusema atakuja. Hamdu aligeuka mara mbili njiani amsikie akiita, na hakuita.

Walirudi Shela. Risasi ikaenda makumbusho. Hamdu alimwambia mkewe kwamba wamekwenda na wamerudi, na Sumeiya akasema, "Hatakuja. Ningewaambia," akafunga macho. Siku iliyofuata hakugusa uji kabisa. Quinter alipomletea Asmaa anyonye, Sumeiya alimtazama mtoto, akamtazama Quinter, akasema kwa upole kabisa, "Mchukue wewe, dada. Wewe wamweza. Atakupenda." Quinter alikuwa ameshasikia kilio cha aina nyingi maishani, lakini maneno yale yaliyosemwa bila kulia yalimtia hofu kuliko yote. Alikataa kutoka chumbani. Alikaa chini, kando ya kitanda cha yule binti, mtoto mikononi, huku Hamdu akipiga simu hospitali, na nesi akasema aletwe kesho asubuhi aonwe na daktari, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Kesho yake asubuhi, Hamdu akiwa anatafuta boti ya kumpeleka mjini, simu yake ililia. Ni yule nahodha.

"Mama mkweo yuko kwangu," alisema. "Nakaribia Shela. Safari hii amekaa mbele."

Hamdu alimwomba awangoje awapeleke hospitali, kisha akachanganyikiwa kwa furaha. Akili yake yote ilikimbilia kwa babu. Alimwita mwalimu wa madrasa kwa ajili ya khitma, akaazima mkeka, akatafuta chetezo na ubani, akakodi punda wa kumpandisha mama vilimani asije akaumiza magoti. Boti ilipofika yeye na mwalimu na punda walikuwa wamejipanga ufuoni kama watu wanaopokea mgeni wa serikali. Quinter alikuwa amemwacha Sumeiya na jirani anayemkanda, akashuka mbio amlete mama.

Bi Mwanamkisi alisimama botini. Aliliangalia gati, akatikisa kichwa. "Si hapo," alimwambia nahodha. "Nipeleke mtangani. Ikiwa ni kukanyaga, na nikanyage."

Nahodha akaisogeza boti mpaka ikagusa chini. Bi Mwanamkisi alivua viatu, akainua buibui, akatia miguu kwenye maji, akatembea mpaka mchanga mkavu. Hapo akasimama. Alitazama miguu yake. Hamdu aliacha kupumua, na mwalimu pia, ingawa yeye ni mtu wa Amu na kiapo hakikumhusu. Hakikutokea kitu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, kuna mtu alikuwa anapaka mashua rangi, na watoto walikuwa wanakwenda shule.

"Mama, karibu," alisema Hamdu. "Punda yuko tayari. Mwalimu huyu hapa. Twende kwa babu."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Lakini ziara, Mama, kila kitu kiko..."

"Babu amengoya miaka mia mbili," alisema Bi Mwanamkisi, na alikuwa ameshaanza kutembea. "Ataningoya hata alasiri."

Alipanda kile kichochoro pekupeku, magoti na yote, Quinter akimkimbilia nyuma na viatu mkononi. Nyumba hakuhitaji kuonyeshwa. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni. Jirani alimwona, akaelewa, akatoka bila neno. Sumeiya alikuwa amelala kama kawaida yake, mgongo mlangoni, nywele hazijachanwa tangu siku nyingi.

"Weka hapo, dada," alisema. "Nitakunywa."

Bi Mwanamkisi alikwenda akaketi kitandani, miguu ina mchanga, akakiinua kile kichwa akakilaza mapajani mwake, akaanza kuzifumua nywele kwa vidole, fundo moja baada ya jingine, kutoka ncha kwenda juu. Sumeiya aliganda. Alibaki hivyo kwa muda, macho ukutani, akiogopa kugeuka akakuta sivyo. Kisha mkono wake ukapanda pole pole, ukaushika ule mkono kichwani mwake, ukaupapasa kidole kwa kidole.

"Mama?"

"Ndimi."

Ndipo akageuka. Alimwona uso, akaiona miguu, mchanga umeganda hadi kwenye vifundo. "Umekanyaga," alisema.

"Nimekanyaga."

"Na kiapo, Mama?"

Bi Mwanamkisi hakuacha kufumua. Machozi yalikuwa yanamwangukia binti usoni naye hakuyajali. "Aliyeapa alikuwa mama," alisema. "Lau angekusikia weye ukilia, angeshuka yeye kabla yangu."

Sumeiya alilia sana, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia tangu azae, na mama yake akamwacha alie. Kilio kilipopungua, Quinter alimtoa Asmaa kitandani kwake akamweka katikati yao, na Sumeiya, bila kuambiwa na mtu, akafungua kifungo cha gauni na kumsogeza. Quinter alitoka, akaurudisha mlango, akashuka ufuoni kumwambia Hamdu na mwalimu na mwenye punda kwamba wasubiri.